Nyumba ya Papa Simon Kimbangu Haikubomoka





Tunapomkumbuka mtumishi wa Mungu Simon Kimbangu, mara nyingi tunaanza na maponyo ya Nkamba, tunapita katika hukumu ya Thysville, tunamaliza na kifo chake katika boloko la Elisabethville. Hayo yote ni kweli na ni vema yasimuliwe kwa watoto wetu. Lakini kuna upande mmoja wa maisha yake ambao hatuusemi sana, nao ni nyumba yake. Nabii huyu alikuwa mume wa mke mmoja, baba wa wana watatu, na babu wa wajukuu wengi. Katika kurasa hizi tunataka kumtazama kama mtu wa nyumbani.

Tunafanya hivyo kwa sababu nyumba nyingi za waamini zinateseka. Baba yuko mbali katika machimbo ya Kolwezi, au ametawanyika na jamaa yake kwa ajili ya vita, na mama amebaki peke yake na watoto. Wengi wanauliza kama ndoa inaweza kuishi wakati wawili hawaonani. Wengine wamekwisha kujijibu wenyewe, wamechukua mke wa pili kule walikokwenda. Basi tutazame maisha ya Papa Kimbangu na Mama Muilu, tuone jibu lao lilikuwa nini.

Mtoto wa Nkamba

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika nchi ya Wakongo, jimbo tunaloliita leo Kongo-Central. Kanisa linaikumbuka siku ya kuzaliwa kwake kuwa tarehe 12 Septemba 1887. Baba yake aliitwa Kuyela, na mama yake Lwezi. Mama alikufa mapema, na mtoto akalelewa na Mama Kinzembo wa jamaa yake. Kwa hiyo tangu udogo alijua maana ya kukosa mzazi, akajua vilevile maana ya mtu kujitoa kwa ajili ya mtoto ambaye hakumzaa. Mama Kinzembo hakuandikwa sana katika vitabu, lakini bila yeye hatungekuwa na habari hii ya kusimulia.

Kijana huyu alifundishwa Neno la Mungu na wamisionari Wabatisti kutoka Uingereza, waliokuwa na misioni yao Ngombe-Lutete, karibu na Nkamba. Huko alijifunza kusoma, akaijua Biblia, na baadaye akatumika kama katekista katika kijiji chake.

Ndoa ya mke mmoja

Alipofika umri wa kuoa, alimwoa Marie Muilu. Mwaka wa 1915 wote wawili walibatizwa. Tuliangalie neno hilo vizuri. Mume hakubatizwa peke yake na kumwacha mke katika mambo ya zamani, wala mke hakutangulia peke yake. Waliingia majini mwaka mmoja, na tangu siku hiyo imani ikawa mali ya nyumba nzima.

Mungu aliwapa wana watatu. Wa kwanza ni Charles Kisolokele, aliyezaliwa tarehe 12 Februari 1914. Wa pili ni Salomon Dialungana, aliyezaliwa tarehe 25 Mei 1916. Wa tatu ni Joseph Diangienda, aliyezaliwa tarehe 22 Machi 1918. Kila baada ya miaka miwili hivi, mtoto mmoja alililia maziwa katika nyumba ile. Tunaotunza watoto wadogo tunajua kazi ya nyumba ya namna hiyo: usiku bila usingizi, shamba la kulima, na chakula cha kutafuta.

Papa Kimbangu alitafuta chakula hicho kama baba yeyote. Mwito wa Mungu ulipomjia mara ya kwanza, katika mwaka wa 1918, aliogopa. Nchi ilikuwa katika majonzi, maana ugonjwa mkubwa wa mafua ulikuwa unaua watu wengi duniani kote, na Kongo haikuachwa. Alijiona hana nguvu kwa kazi aliyoitiwa. Akakimbilia Léopoldville, yaani Kinshasa, akatafuta kazi ya mshahara. Lakini hakupata utulivu wala faida huko, akarudi kijijini kwa mke wake na watoto wake, akalima. Hata nabii alipita njia ile ambayo vijana wetu wanapita wakitafuta maisha mjini. Na aliporudi mikono mitupu, nyumba yake ilikuwa bado inamngojea.

Miezi mitano iliyotikisa nchi

Tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe-Kinsuka, Simon Kimbangu alimwombea mwanamke mgonjwa aliyeitwa Nkiantondo, naye akapona. Habari ikatoka kijiji hata kijiji. Watu wakaacha mashamba, wakaacha kazi za wazungu, wakaacha vitanda vya hospitali, wakaja Nkamba kwa miguu na kwa gari la moshi.

Mafundisho yake yalikuwa wazi. Watu waamini Mungu mmoja na Yesu Kristo, wateketeze hirizi na sanamu za uchawi, waache ngoma za uchafu, na mwanaume awe na mke mmoja. Neno hili la mwisho lilikuwa gumu. Katika nchi ya wakati ule, mtu mwenye wake wengi alikuwa mtu mkubwa: mashamba yake mengi, watoto wake wengi, heshima yake kubwa. Kumwambia mzee wa kijiji abaki na mke mmoja kulikuwa kugusa mali yake na jina lake. Lakini watu waliweza kutazama mlango wa mhubiri mwenyewe. Ndani ya nyumba yake walimkuta Mama Muilu, na hakuna mwingine. Alihubiri jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa analiishi.

Serikali ya Wabelgiji iliingiwa na hofu. Tarehe 6 Juni 1921 msimamizi wa serikali Léon Morel alifika Nkamba na askari ili kumkamata. Papa Kimbangu aliponyoka, lakini askari waliharibu na kunyang'anya vitu vya watu. Mama na watoto watatu wakaingia katika miezi ya hofu. Baba alikuwa anahubiri katika maficho, huku askari wakimtafuta kila mahali.

Katika mwezi wa Septemba 1921 alirudi Nkamba mwenyewe, waziwazi, akajua kwamba watamkamata. Aliwakataza wafuasi wake kupigana. Hakutaka damu ya mtu imwagike kwa ajili yake. Askari wakamchukua. Siku ile Kisolokele alikuwa na miaka 7, Dialungana miaka 5, na Diangienda miaka 3. Baba yao alikuwa na umri wa miaka 34.

Hukumu

Alipelekwa mbele ya tribunali ya kiaskari huko Thysville, mji tunaouita leo Mbanza-Ngungu. Mkuu wa tribunali alikuwa kamanda de Rossi. Mshtakiwa hakuwa na mtu wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa apigwe fimbo 120, kisha auawe. Kosa lake, kwa macho ya serikali, lilikuwa kuhatarisha usalama wa nchi.

Wamisionari fulani Waprotestanti waliomba ahurumiwe. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Ndipo walipomtoa katika nchi yake, wakampeleka Elisabethville, yaani Lubumbashi, huku Katanga, zaidi ya kilometa 1500 kutoka nyumbani. Walichagua mbali makusudi. Walitaka lugha yake isisikike, jamaa yake isimfikie, na jina lake lisahauliwe.

Ndugu msomaji, fikiri kidogo juu ya maana ya hukumu hiyo kwa nyumba. Mtu akifa, jamaa hulia, humzika, na matanga huisha. Mtu akihukumiwa miaka mitano, mke huhesabu miezi. Lakini kifungo cha maisha hakina kaburi wala siku ya kutoka. Mama Muilu hakuwa mjane, wala hakuwa na mume karibu naye. Watoto hawakuwa yatima, wala hawakuwa na baba wa kuwafundisha kushika jembe. Serikali ilifikiri kwamba nyumba ya namna hiyo itabomoka yenyewe.

Miaka thelathini

Papa Simon Kimbangu alikaa kifungoni miaka 30. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alitengwa na watu. Nje ya kuta zile mambo mengi yalipita: shaba ya Katanga ilichimbwa, reli zilijengwa, vita kubwa ya pili ya dunia ilianza na kuisha. Ndani ya kuta, mtu mmoja alizeeka.

Wafuasi wake nao walihamishwa kwa nguvu. Kanisa linahesabu wakuu wa jamaa 37.000 waliotolewa katika vijiji vyao kati ya mwaka wa 1921 na 1959. Wengine walipelekwa Lowa, karibu na Ubundu, wengine Oshwe, wengine Kasaji huku Katanga. Wengi walikwenda na wake zao na watoto wao, wakalima katika udongo usio wao, wakazikana mbali na makaburi ya wazee wao. Serikali ilidhani inatawanya moto ili uzimike. Lakini moto ukitawanywa katika majani makavu, hauzimiki. Kila mahali walipopelekwa, waliomba, na wenyeji wakasikia. Hivyo imani hii ikajulikana hata kwa watu wanaosema Kiswahili, ambao hawakuwahi kuiona Nkamba.

Mama aliyeshika nyumba

Mama Muilu alibaki kule Bas-Congo. Maadui wa mume wake walikuwa wanamchunguza. Ibada za wafuasi zilikatazwa. Lakini waamini waliendelea kumwendea kwa siri, usiku na mchana, wakitafuta shauri na maombi. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya wale waliobaki. Kazi ambayo serikali ilimkataza mume, mke aliichukua bila kelele.

Kwa macho ya watu wengi, angeweza kuhesabiwa mwanamke asiye na mume, akaolewa tena. Alikuwa bado na nguvu, na watoto walihitaji mkono wa mwanaume. Lakini alibaki mke wa Kimbangu hadi siku ya kufa kwake. Na mume wake, mwenye kifungo cha maisha, alibaki mume wa Muilu. Agano lao halikulindwa na mtu mwingine yeyote ila wao wenyewe na Mungu.

Hapa tunasema neno kwa wanaume. Tunapenda kumsifu Mama Muilu, na inafaa. Lakini tusimsifu ili kuwawekea wake zetu mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi. Papa Kimbangu hakumwacha mke wake kwa kupenda kwake. Alichukuliwa na askari. Mtu anayeondoka mwenyewe, akaacha kutuma hata franka moja kwa watoto, asijifananishe na mfungwa wa Elisabethville. Huyo hakufungwa na mtu.

Wana watatu

Wana nao walitenganishwa. Kisolokele na Diangienda walisomeshwa katika shule ya serikali huko Boma. Baadaye wakaingia katika kazi za serikali ileile iliyomfunga baba yao. Diangienda alifika hata Luluabourg, yaani Kananga ya leo, akiwa mwandishi katika ofisi ya gavana. Dialungana alibaki upande wa nyumbani karibu na mama yake.

Serikali ilikuwa na nafasi nzuri ya kuwafanya watoto hawa wamwonee baba yao haya. Walikula chakula chake, walivaa nguo zake, walisoma vitabu vyake. Wangeweza kusema kwamba jina la Kimbangu linawazuia njia, wakaliacha. Hawakuliacha. Walipokuwa watu wazima walirudi kwa mama yao na kwa waamini, wakasimama pamoja. Diangienda, aliyekuwa mtoto wa miaka mitatu siku baba alipochukuliwa, ndiye aliyeandika baadaye kitabu kikubwa juu ya historia ya imani hiyo, kilichotoka mwaka wa 1984.

Ni nani aliyempa mtoto wa miaka mitatu sura ya baba yake? Mtoto wa umri huo hakumbuki uso. Alimjua baba kwa sababu nyumba ilisema habari zake. Mama na waamini walilihifadhi jina, wakalikabidhi kwa mtoto likiwa safi. Hilo ni fundisho kwa mama anayelea watoto ambao baba yao yuko mbali kwa shida isiyo kosa lake: neno jema linalosemwa juu ya baba ni chakula vilevile.

Nkambo na mjukuu

Tarehe 12 Oktoba 1951 Papa Simon Kimbangu alifariki Elisabethville, bado mfungwa. Alizikwa hapa Katanga, mbali na nchi ya wazee wake. Wana wake siku ile walikuwa na miaka 37, 35 na 33, nao walikuwa watu wa kuzaa.

Na siku ileile ya tarehe 12 Oktoba 1951, huko Bas-Congo, katika nyumba ya Dialungana alizaliwa mtoto mwanaume. Alipewa jina la nkambo wake: Simon Kimbangu Kiangani. Waamini wengi waliona katika jambo hilo mkono wa Mungu mwenyewe. Hata mtu asiyekuwa wa imani hii anaweza kuona jambo moja: nyumba iliyokusudiwa kuzimwa ilikuwa inazaa siku ileile ambayo mwenye nyumba alikata roho.

Miaka iliyofuata ilileta mabadiliko. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ililitambua rasmi Kanisa la Yesu Kristo Duniani kwa Nabii Simon Kimbangu. Mama Muilu hakuiona siku hiyo. Alikuwa amelala tarehe 27 Aprili 1959, miezi minane tu kabla. Alimngojea mume wake tangu mwaka wa 1921. Katika mwezi wa Aprili 1960 mwili wa Papa Kimbangu ulitolewa Elisabethville, ukarudishwa Nkamba. Mume alirudi nyumbani mwaka mmoja baada ya mke kulala. Anayesoma maneno haya bila kuguswa, moyo wake ni mgumu.

Diangienda aliongoza Kanisa hadi alipofariki tarehe 8 Julai 1992. Kaka yake Kisolokele alikuwa ametangulia tarehe 17 Machi ya mwaka huohuo. Dialungana akashika uongozi hadi mwaka wa 2001, alipofariki, na mwana wake Kiangani akachukua nafasi.

Wajukuu wa Papa Kimbangu ni 26. Lazima tuseme kweli, maana waamini wanaijua: baada ya mwaka wa 2001 wajukuu hao hawakubaki wote katika njia moja. Waliachana juu ya jambo la uongozi, na waamini wakaachana pamoja nao, hata katika parokia zetu ndugu wa tumbo moja wakaabudu mahali mbalimbali. Hatuandiki hapa ili kuhukumu nani ana haki. Tunaandika ili kila mmoja wetu ajiulize. Fimbo hazikuivunja nyumba ile, wala kifungo, wala kilometa 1500. Je, sisi tutaivunja kwa maneno? Waliotengwa na askari walishikamana. Sisi ambao hakuna askari mlangoni petu, tunashindwa na nini?

Kinachobaki

Taifa nalo limekuja kuona. Tangu mwaka wa 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya nchi yetu nzima, kwa ajili ya kukumbuka vita vya Simon Kimbangu na kuamka kwa moyo wa Mwafrika. Watoto hawaendi shuleni siku hiyo. Wakiuliza kwa sababu gani, tuwaambie habari za Nkiantondo, na za tribunali, na za boloko. Lakini tusisahau kuwaambia habari za nyumba.

Tuwaambie kwamba mtu huyu alikaa na jamaa yake miaka michache tu, na miaka 30 alikaa mbali nao. Kwa hesabu ya siku, alikuwa baba kwa muda mfupi kuliko wengi wetu. Lakini wana wake walimfuata, mke wake hakumwacha, na wajukuu wake wanachukua jina lake. Sisi wengine tunalala kila usiku chini ya paa moja na watoto wetu, na bado hawatujui. Basi si wingi wa siku unaomfanya mtu kuwa baba, bali kile alichopanda katika siku alizopewa.

Baba uliye mbali, mkumbuke mke wa ujana wako, utume habari, utume msaada kadiri ya uwezo wako, na usijenge nyumba ya pili juu ya machozi ya ile ya kwanza. Mama unayengoja, Mungu anaona, na kanisa lisikuache peke yako: wazee wa parokia wakutembelee, wakuulize watoto wamekula nini. Vijana mnaotaka kuoa, muingie katika ndoa kama walivyoingia Simon na Muilu, pamoja mbele ya Mungu. Na ninyi wajukuu wa nyumba yoyote, mnaogombana juu ya kile nkambo alichoacha, kumbukeni kwamba alichoacha kwanza ni ninyi wenyewe, mpendane.

Bwana abariki ndoa zetu, awarudishe waliotawanyika, awatie nguvu wanaongoja. Amina.